Kuitafuta Hekima kwa Mungu: Neno, Unyenyekevu na Imani katika Nyanda za Juu za Kusini

Katika mafundisho ya Kikristo hekima haihesabiwi kuwa sifa ambayo mtu huzaliwa nayo, wala si akiba ya elimu peke yake. Huombwa. Waraka wa Yakobo humwelekeza mtu aliyepungukiwa nayo amwombe Mungu, tena aombe pasipo mashaka. Kitabu cha Mithali huuweka mwanzo wake katika kumcha Bwana. Na Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho, alifundisha kwamba lile lionekanalo kuwa upumbavu mbele ya wenye elimu laweza kuwa ndilo hekima ya Mungu. Hivyo mambo matatu yamefungamana: hekima yenyewe, unyenyekevu wa mwenye kuiomba, na imani ambayo kwayo huomba.

Mafundisho hayo yalipofika Nyanda za Juu za Kusini, katika nchi ambayo wakati wa Waingereza ilikuwa jimbo moja, na ambayo baada ya Uhuru iligawanywa kuwa mikoa ya Mbeya na Iringa, hayakuangukia mahali patupu. Yaliwakuta watu wenye hekima yao, wenye desturi zao za kujishusha mbele ya wakubwa na mbele ya wazimu, na wenye lugha ambazo zilikuwa bado hazijaandikwa. Kwa hiyo historia ya mafundisho hayo ni historia ya maneno vilevile. Mtu afuatapo maneno hayo, kutoka Rungwe hadi Kalenga, ataona jambo ambalo taarifa za vituo vya misheni peke yake hazilionyeshi: kwamba walioambiwa wajinyenyekeze ili wapate hekima hawakuipokea amri hiyo kwa namna moja, na kwamba walioitoa nao walipimwa kwa kipimo kile kile.

I. Hekima iliyokuwako

Wanyakyusa wa Rungwe waliishi kwa utaratibu ambao umeandikwa sana na wataalamu wa mila. Vijana wa kiume wa rika moja walitoka katika nyumba za wazazi wao wakajenga kijiji chao wenyewe, wakakua pamoja, wakaoa, wakazeeka humo. Monica Wilson, ambaye pamoja na mumewe Godfrey alifanya uchunguzi wake huko katika miaka ya 1930, alikiita kitabu chake cha mwaka 1951 kwa jina linalotaja uzuri wa kukaa pamoja na wenzi. Katika utaratibu huo hekima, amahala katika Kinyakyusa, ilikuwa tunda la mazungumzo. Mtu aliyejitenga na wenziwe, akala peke yake na kuwaza peke yake, alihesabiwa kuwa amejinyima mahali pa kujifunzia. Neno lenyewe si geni kwa lugha jirani. Masala ya Kinyamwezi na Kisukuma yaonekana kuwa ni ndugu yake.

Tena kulikuwako na desturi iliyogusa unyenyekevu kwa karibu. Katika matambiko ya ukoo, mwenye kinyongo moyoni hakuweza kuomba kwa faida mpaka amekitamka kinyongo chake mbele ya jamaa zake. Baada ya kukiri hasira yake, alitia maji kinywani na kuyapuliza, kuwa ishara kwamba moyo umekwisha kutulia. Wilson, katika vitabu vyake vya mwaka 1957 na 1959, aliliona jambo hili kuwa kiini cha matambiko: hasira iliyofichwa ni hatari, hasira iliyoungamwa imekwisha nguvu. Basi Mnyakyusa hakuhitaji kufundishwa na mgeni kwamba sala na kiburi havikai pamoja. Alilijua hilo, na alilijua mbele ya watu, si chumbani.

Lililokuwa geni ni upande wa pili. Kyala, ambaye jina lake lilikuja kutumiwa na wamisionari kwa maana ya Mungu, katika masimulizi ya kale alikuwa shujaa mwenye mahali pake pa ibada huko Pali-Kyala, ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Yeye na Lwembe wa Lubaga waliogopwa. Kukaribia kwao kulikuwa ni maradhi na msiba. Na Wilson ameeleza kwamba maombi ya wazee mara nyingi yaliwataka wakuu hao waende zao mbali, wasiwageukie watu. Kumwambia mtu wa namna hiyo amsogelee Mungu ili aombe hekima kulikuwa ni kumgeuza uso wake aelekee alikokuwa akikukimbia. Shida ya mafundisho mapya ilikuwa hapo, wala si katika kuamini kwamba Mungu yuko.

II. Walimu waliokuja kujifunza

Mwaka 1891 makundi mawili ya wamisionari wa Kijerumani yalifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Misheni ya Berlin iliongozwa na Alexander Merensky, mzee aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi katika Transvaal, nayo ilishika upande wa mashariki. Wamoravian, ambao Theodor Meyer alikuwa mmoja wa viongozi wao, walishika upande wa magharibi na kuanzisha kituo cha Rungwe. Safari ilikuwa ya mauti. Georg Martin, mmoja wa Wamoravian wa kwanza, alikufa kwa homa mwaka huo huo kabla kituo hakijasimama.

Hali ya wageni hawa katika miaka ya kwanza yastahili kuangaliwa. Walikuja kufundisha, lakini hawakuwa na lugha ya kufundishia. Kiswahili kilijulikana na wachache tu katika nchi hiyo, wengi wao wakiwa watu wa misafara. Ilibidi wakae chini ya migomba na kuuliza majina ya vitu, huku watoto wakiwacheka. Kuuliza si ujinga, wasema Waswahili. Lakini kwa mtu mzima aliyesoma, kuuliza mbele ya mtoto ni shule ya unyenyekevu. Matunda ya kuuliza huko yalionekana mapema: mwaka 1899 Christian Schumann wa Misheni ya Berlin alichapisha huko Ujerumani muhtasari wa sarufi ya Kikonde, kama wageni walivyoiita lugha ya Wanyakyusa wakati ule.

Uchaguzi wa jina la Kyala ulifanywa katika hali hiyo ya kuuliza. Wamisionari hawakuleta jina la Mungu kutoka kwao, wala hawakuchukua la Kiswahili. Waliliokota lililokuwako, pamoja na hofu yake yote, wakalitwika maana nyingine. Huko Uhehe na Ubena vivyo hivyo, jina la Nguluvi liliendelea kutumika katika midomo ya Wakristo. Ni jambo rahisi kulitaja, lakini lilikuwa na matokeo makubwa: aliyesali kwa Kinyakyusa hakumwacha Kyala wa babu zake na kwenda kwa mwingine, alilazimika kuambiwa, na kuamini, kwamba yule aliyeombwa aende mbali sasa huombwa akaribie.

III. Ushuhuda wa majina

Mtu wa kwanza kubatizwa na Wamoravian huko Rungwe alikuwa mwanamke, Fyabarema, mwaka 1897, miaka sita tangu kituo kuanzishwa. Jina alilopewa katika ubatizo halikuwa la Kijerumani wala la Kiebrania. Aliitwa Numwagile, yaani “nimempata”.

Umbo la jina hili lina mengi ya kumwambia mchunguzi wa lugha. Ni sentensi nzima: nafsi ya msemaji, nafsi ya mtendwa, shina la kitenzi chenye maana ya kupata au kukuta, na mwisho wa -ile uonyeshao tendo lililotimia, mwisho ambao mashairi ya kale ya Kiswahili cha kaskazini nayo yanaujua. Jina halikumtaja aliyepatikana. Kila aliyeliita alilazimika kujiuliza ni nani huyo. Tena mwenye kusema ni mwanamke mwenyewe. Hasemi kwamba alitafutwa na misheni, wala kwamba aliongolewa. Anasema ametafuta, naye amepata. Katika jamii ambayo mazungumzo ya baraza yalikuwa ya wanaume wa rika moja, aliyetangulia kutangaza kwa jina lake kwamba njia ya kumkaribia Mungu imeonekana ni mtu asiyekuwa na kiti barazani.

Majina ya namna hiyo yaliongezeka baadaye, na mengi yamedumu. Ambilikile ni “ameniita”. Atupele ni “ametupa”. Tusajigwe ni “tumebarikiwa”. Karibu yote yana mtendaji asiyetajwa, na mwenye jina ndiye mpokeaji. Huo ndio unyenyekevu uliotiwa katika sarufi: mtu hujitambulisha si kwa alilolifanya, bali kwa alilotendewa. Na imani yenyewe, katika Kinyakyusa, ni lwitiko, neno litokanalo na kitenzi cha kuitika, ambacho Mswahili hukitambua mara moja. Anayeamini ni anayeitika wito. Kwa hiyo Ambilikile na Lwitiko ni majina mawili ya tendo moja, la kwanza upande wa mwenye kuita, la pili upande wa mwenye kujibu. Mafundisho ya kwamba hekima hupatikana kwa imani yalipata hapa maana ambayo mhubiri wa Ulaya labda hakuitazamia: kwamba mazungumzo, yaliyokuwa chimbuko la amahala, hayakukomeshwa, bali Mungu mwenyewe aliingizwa ndani yake akawa mwenye kuita kwanza.

IV. Kunyenyekea na kunyenyekezwa

Upande wa Iringa mambo hayakuwa hivyo. Rungwe misheni ilitangulia na serikali ikafuata. Uhehe bunduki ilitangulia. Boma la Mtwa Mkwawa huko Kalenga lilivunjwa na jeshi la Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894; mji wa Iringa ulianzishwa na watawala hao mwaka 1896; na Mkwawa, baada ya kuwindwa kwa miaka kadha, alijiua mwezi wa Julai 1898 asije akakamatwa. Fuvu la kichwa lililosemwa kuwa lake lilichukuliwa Ujerumani, likarudishwa Kalenga mwaka 1954. Katikati ya mambo hayo, Wabenediktini walifungua kituo cha Tosamaganga mwishoni mwa miaka ya 1890, na Misheni ya Berlin ikajieneza kutoka Ukinga kwenda Ubena na Uhehe, ikaanzisha Kidugala mwaka 1898.

Mtu aliyefika wakati ule kuhubiri unyenyekevu katika Uhehe alihubiri kwa watu ambao mfalme wao alikuwa amechagua kufa kuliko kuinama. Kiswahili kina njia ya kupambanua jambo hili, na tofauti yake ni ya viambishi tu. Kunyenyekea ni tendo la mtu mwenyewe. Kunyenyekezwa ni tendo la mwingine juu yake. Kujinyenyekeza ni mtu kujifanyia kwa hiari yake kile ambacho wengine wangemfanyia kwa nguvu. Wahehe wa mwaka 1898 walikuwa wamenyenyekezwa. Mafundisho yaliwataka wajinyenyekeze. Lakini je, mtu aliyekwisha kulazwa chini na bunduki aweza kulala chini kwa hiari? Na aliyemwambia afanye hivyo, ambaye rangi yake na lugha yake ni ile ile ya askari wa boma, atamfahamishaje kwamba anayeinamiwa ni Mungu, wala si serikali?

Swali hilo halikuwa la maneno matupu. Vita vya Majimaji vilipofika Ubena mwaka 1905, wapiganaji walikishambulia kituo cha misheni cha Yakobi, karibu na Njombe. Waliokwenda huko walikuwa wameamini maji ya dawa yaliyosemwa kuwa yangeigeuza risasi. Nao waliokuwa ndani ya kituo walikuwa wameamini maji mengine. Mtu asiseme upesi kwamba upande mmoja ulikuwa na imani na wa pili ushirikina. Imani ilikuwako pande zote mbili. Kilichowagawanya ni nani aliyestahili kuitikwa. Vita vilipokwisha, njaa ilifuata, na vituo vya misheni viligawa chakula. Wengi walioingia madarasa ya ubatizo baada ya hapo waliingia wakiwa na majeraha na njaa, na kupambanua ndani yao kunyenyekea na kunyenyekezwa si kazi ambayo kalamu ya mwanahistoria yaweza kuimaliza.

Jambo moja lakini liko wazi. Palipohubiriwa unyenyekevu na watu wenye mamlaka kwa watu wasio na mamlaka, neno lilikuwa katika hatari ya kugeuka likawa unyonge. Dawa ya hatari hiyo haikutoka katika ufafanuzi bora wa neno. Ilitoka katika tukio ambalo misheni zenyewe hazikulitaka.

V. Mwaka 1916

Majeshi ya Waingereza na washirika wao yalipoingia Nyanda za Juu mwaka 1916, wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kuondolewa. Vituo vilivyojengwa kwa robo ya karne vilibaki bila wachungaji. Wakati huo uongozi wa sakramenti ulikuwa bado mikononi mwa Wazungu. Walimu na wazee wa Kiafrika walifundisha, walisalisha, walizika, lakini kubatiza na kugawa Meza ya Bwana havikuwa vyao. Wamisionari wa Kiskoti wa Livingstonia, kutoka Nyasaland, walichukua uangalizi wa sehemu za kusini, lakini nchi ni pana na watu wao walikuwa wachache. Wajerumani hawakuruhusiwa kurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920. Na mwaka 1939 vita vingine viliwaondoa tena.

Kwa hiyo mara mbili katika kizazi kimoja Wakristo wa Mbeya na Iringa walijikuta wamepungukiwa na waalimu wao. Ndipo fundisho la kuomba hekima lilipokoma kuwa somo la darasani. Mwalimu wa shule ya kijijini, mwenye elimu ya miaka michache, ilimbidi aamue mashauri ya ndoa, urithi na nidhamu ya kanisa, mambo ambayo zamani yalipelekwa kwa mmisionari. Hakuwa na vitabu vingi vya kumwongoza. Alikuwa na wenziwe, sala, na Maandiko machache katika lugha yake. Alirudi, kwa maneno mengine, kwenye baraza la amahala, lakini baraza lililoanza kwa magoti.

Na wamisionari waliorudi walikuta kazi haikufa. Waliowaacha kama wanafunzi waliwakuta wasimamizi. Zamu ya kujinyenyekeza sasa ilikuwa yao, na haikuwa rahisi kwa wote. Kuwapa Waafrika uchungaji kamili kulikwenda polepole kuliko ilivyostahili. Hata hivyo safari haikurudi nyuma. Tarehe 19 Juni 1963 Kanisa la Kilutheri la kusini, mrithi wa Misheni ya Berlin, lilikuwa moja la makanisa saba yaliyoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanganyika, lililoitwa baadaye la Tanzania.

VI. Werevu wa kweli au hekima?

Wakati huo huo Kiswahili kilikuwa kikipanda milima. Shule, mahakama na masoko yalikihitaji, na mji wa Mbeya, uliozaliwa mwaka 1927 katika siku za dhahabu ya Lupa, ulikusanya watu wa makabila mengi wasiokuwa na lugha nyingine ya pamoja. Swali la maneno likarudi kwa umbo jipya: Mkristo wa bara asiyeijua pwani aiombe hekima kwa neno gani?

Karl Roehl, mmisionari wa Kijerumani, alishika shauri kwamba tafsiri za awali zilijaa maneno ya Kiarabu ambayo watu wa bara hawakuyafahamu. Aliitetea hoja hiyo mwaka 1930 katika jarida la Africa, na mwaka huo huo Agano Jipya lake lilitoka. Biblia nzima ikafuata mwaka 1937. Katika tafsiri hiyo hekima iliitwa “werevu wa kweli”, na penye imani alipenda kuweka kitenzi cha kutegemea. Chaguo la pili lina nguvu yake: anayeamini ni kama mzee aliyeegemea mkongojo, au nyumba iliyoegemea nguzo. Chaguo la kwanza linaonyesha shida. Werevu, kwa Mswahili wa pwani, uko jirani sana na ujanja. Ndiyo sababu ilibidi kuongeza “wa kweli”, kana kwamba neno limekuja na mdhamini wake.

G. W. Broomfield alimjibu Roehl kwamba neno lililokwisha kukaa katika midomo ya watu ni lao, hata kama babu yake alitoka Arabuni. Hoja yake ndiyo iliyoshinda katika tafsiri ya umoja, ambayo Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1950 na Biblia nzima mwaka 1952. Humo hekima na imani zimerudi. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba hekima, kwa mzizi wake, ni ndugu wa hukumu na hakimu. Ni neno la mwenye kuamua. Amahala ni la wanaozungumza. Lwitiko ni la anayejibu, kutegemea ni kwa aliyechoka, imani ni ya aliyeaminishwa na kuwa na amana. Hakuna hata moja kati ya maneno hayo linalobeba fundisho zima. Mkristo wa Rungwe au wa Kidugala aliyeyajua mawili au matatu kati yake alikuwa na utajiri ambao mwenye lugha moja hakuwa nao. Na yaelekea ni kosa kuihukumu historia ya tafsiri hizo kama shindano ambalo mmoja alishinda na mwingine akashindwa.

VII. Hitimisho

Nchi hiyo imebadilika. Njombe, pamoja na Yakobi na Kidugala, imekuwa mkoa wake tangu mwaka 2012. Iringa ina vyuo vikuu vilivyoanzishwa na makanisa, cha Kilutheri na cha Kikatoliki. Na Mbeya kuna chuo cha Wamoravian kiitwacho kwa jina la Teofilo Kisanji, askofu wao wa Tabora. Elimu ambayo zamani ilitafutwa kwa mmisionari mmoja chini ya mgomba sasa hutafutwa na maelfu katika majumba ya ghorofa.

Lakini swali la mwanzo halikuondolewa na majumba. Historia ya Nyanda za Juu yaonyesha kwamba hekima ilipoombwa kwa unyenyekevu ilizaa pale tu ambapo anayefundisha naye alikubali kuuliza: Schumann kwa watoto wa Unyakyusa, wamisionari waliorudi kwa walimu waliowaacha, mfasiri kwa wasikilizaji wake. Palipokuwa mmoja peke yake ndiye anayeinama, neno liliharibika. Na mtu wa kwanza kuliweka sawa huko Rungwe hakuwa mwanachuoni. Alikuwa Numwagile, ambaye jina lake halikusema kwamba ana hekima, bali kwamba amempata Yeye aitoaye.